Kivuli cha Kibanio

"Mafuta ya mikono! Miaka thelathini na moja unapaka vioo, halafu unaingia chumba safi umejipaka mafuta ya mikono!"

"Nilijipaka nyumbani, alfajiri. Nikafika hapa nikanawa mara tatu, nikavaa glavu mbili mbili. Na nikaandika mwenyewe kwenye daftari kwamba nimejipaka. Wewe ulitaka niandike nini? Kwamba nilijipaka asali?"

"Nilitaka usijipake!"

"Spiriti ya kunawia imenipasua vidole mpaka vinatoa damu, Ratiba. Ulitaka damu kwenye kioo?"

Mpelelezi aliketi katikati yao, kalamu mkononi, hajaandika hata neno moja tangu waanze. Ofisini kwake walimwita Sindano, kwa kuwa alikuwa akiingia mahali padogo na kutokea upande wa pili na uzi wake. Alikuwa mama wa watoto wanne, na alishajua kwamba ugomvi ukiachwa uchemke, kuna mtu atasema jambo ambalo hakupanga kulisema. Lakini hawa wawili walikuwa wakirudia yale yale ya jana.

"Basi," alisema. "Nimewasikia. Hata mlinzi wa getini amewasikia."

Mezani palikuwa na barua. Ilikuwa imeshachapwa: Mama Kioo, fundi mkuu wa mipako, anafukuzwa kazi na kunyang'anywa cheti chake cha ufundi. Ilisubiri ripoti ya Sindano tu, na ripoti ilitakiwa kabla ya saa nane mchana. Saa nane lori lingekuja kuchukua darubini mpya iitwayo Jicho la Pili kulipeleka uwanja wa ndege, na Ratiba hakutaka kifaa kitoke na kesi nyuma yake. Yeye alikuwa mkuu wa karakana. Jina la Ratiba alipewa na mafundi wake, na inasemekana hata harusi yake iliisha dakika kumi kabla ya muda.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na robo.

Jicho la Kwanza lilikuwa darubini yenye ukubwa wa pipa, imefungwa nje ya kituo kile ambamo watu wanaishi wakiizunguka dunia. Kazi yake ilikuwa kutazama chini: moshi wa moto wa misitu unaoanza, mto unaofura kabla haujafika kwenye nyumba za watu. Miezi minane liliona vizuri. Kisha likaanza kufifia kama jicho lenye mtoto wa jicho. Kufikia mwezi wa kumi na nne lilikuwa halitofautishi moshi na wingu. Wanaanga wakakirudisha kipande kimoja kidogo cha kioo kilichokuwa kando ya kioo kikubwa. Mkemia wa karakana akakipima, akakuta doa, na ndani ya doa akakuta silikoni. Kopo la mafuta ya Mama Kioo nalo lilikuwa na silikoni.

"Kesi imeisha," alisema Ratiba. "Kilichobaki ni sahihi yako, mama mpelelezi."

Sindano alivuta daftari la karakana. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anayetafuta chawa.

"Jana nilipoteza nusu saa nzima hapa," alisema. "Imeandikwa, 'Shahidi A, droo ya nne. Shahidi B, amepanda.' Nikaenda kwa karani wa wafanyakazi kumuuliza huyu Shahidi B anaishi wapi na amepanda gari gani."

Mama Kioo alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Masikini! Shahidi si mtu, mwanangu. Ni kipande. Kila nikipaka kioo kikubwa, naweka na vipande viwili vidogo kando yake ndani ya tangi. Vinapakwa fedha ile ile, ngozi ile ile ya juu, saa ile ile. Mapacha. Mmoja unamlaza kwenye droo, mwingine anapanda juu na kioo. Siku ukitaka kujua huko juu kumetokea nini, unawaita wote wawili unawaweka mbele yako."

"Na nani amewaita wote wawili?"

"Mkemia alipewa B peke yake," alisema Ratiba. "Ndiye mwenye doa."

"Mimi sijawahi kufunga kesi kwa shahidi mmoja," alisema Sindano, akasimama. Kabla hajafunga daftari, kidole chake kilisimama kwenye mstari wa juzi. "Na hii ni nini? 'Harufu ya siki chumba safi. Chanzo: chakula cha mfanyakazi. Onyo limetolewa.' Sahihi yako."

"Watu wanaingia na vyakula," alisema Ratiba. "Nimeshalimaliza hilo."

"Onyo alipewa nani?"

"Wote kwa ujumla."

Sindano aliandika neno moja kwenye kijitabu chake. Siki.

*

Mkemia alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani. Alimpokea Mama Kioo kwa kuinama kidogo, kwa heshima, kisha akawageukia wengine.

"Karibuni. Msiguse kitu, msipumulie kitu, na asiye na la kusema anyamaze. Isipokuwa mama, mama aseme tu."

Mama Kioo alikuwa ameleta Shahidi A kutoka droo ya nne, ndani ya kijisanduku. Mkemia alikitoa kipande akakiweka chini ya hadubini na picha ikatokea kwenye skrini. Ilikuwa nyeupe tupu, iking'aa, kama maji ya birika asubuhi kabla hujatia mkono.

"Silikoni?"

Mkemia alikipima. Ilichukua dakika ishirini, na wakati wote huo Ratiba alitazama saa yake mara tisa. Sindano alihesabu.

"Hakuna," alisema Mkemia. "Hata chembe."

"Mkono unaweza kugusa kimoja ukaacha kingine," alisema Ratiba.

"Unaweza," alisema Sindano. "Haya, mwite pacha wake."

Shahidi B alikuwa na ukubwa wa kifungo cha koti, amebanwa kwenye kisahani chake kwa kibanio cha chuma chenye skrubu moja. Rangi yake ilikuwa ya chai nyepesi. Mkemia alimkabidhi Sindano kipande hicho kikiwa ndani ya kikasha chake cha kioo, na Sindano akakipokea kwa mikono miwili.

"Kituo kinaizunguka dunia mara kumi na sita kwa siku," alisema Mkemia. "Piga hesabu ya miezi kumi na minne. Hicho ulichoshika kimeliona jua likichomoza karibu mara elfu saba."

Sindano alikiinua mwangani. Hata Ratiba aliacha kutazama saa yake.

"Juu kuna nini kinachochafua?" aliuliza Sindano. "Si patupu?"

"Patupu!" Mkemia alivua miwani ya puani akavaa ya kichwani. "Mama mpelelezi, kule kuna oksijeni. Chembe moja moja, iliyopasuliwa na jua, haina mwenzake wa kushikana naye. Hii hii unayovuta sasa hivi. Lakini kituo kinaikimbilia kwa kilomita karibu nane kila sekunde. Kabla hujamaliza kusema 'shikamoo' umeshavuka mji. Kila chembe inagonga kama nyundo. Plastiki inalika mpaka inaisha. Fedha ikiachwa wazi inageuka nyeusi. Ndiyo maana mama hapa huivika ngozi ngumu juu yake, nyembamba kuliko unywele mara mia kadhaa."

"Mara mia nne," alisema Mama Kioo.

"Mara mia nne. Na ngozi hiyo imesimama. Nimeitazama, haina hata tundu la sindano. Samahani, mama mpelelezi."

"Nimezoea. Kwa hiyo kazi ya mama ni nzima. Doa limekaa juu yake."

"Juu yake. Doa ni kitu kilichokuja."

"Sasa niambie chini ya kibanio kukoje."

Mkemia alitazama sakafu. "Sijakifungua. Niliambiwa nipime doa, sikuambiwa nifumue."

"Na nani?"

Macho ya Mkemia yalikwenda kwa Ratiba.

"Tulikuwa na haraka," alisema Ratiba.

Skrubu ilifunguliwa. Kibanio kikainuliwa kwa koleo ndogo. Pale kilipokuwa kimelala palitokea alama ya miguu yake miwili, nyeupe, inang'aa sawasawa na pacha wa kwenye droo. Pembeni yake, nje kabisa ya pale chuma kilipogusa, kulikuwa na kipande kingine cheupe, chembamba, chenye umbo la mwezi mchanga.

Sindano aligeuza kurasa za daftari. "Kibanio kilifungwa lini?"

"Siku ya pili baada ya kupaka," alisema Mama Kioo. "Mimi sikuwapo. Binti yangu alikuwa anajifungua, nilikwenda kumshika mgongo. Wiki mbili nzima, na niliporudi Jicho lilikuwa limeshasafirishwa."

"Ni kweli. Imeandikwa hapa, na aliyekifunga ni Ratiba." Sindano alifunga daftari. "Kama mama angekigusa kwa mkono wenye mafuta, mafuta yangelala mpaka chini ya chuma. Chini ya chuma ni safi. Kwa hiyo uchafu ulifika baada ya kibanio, na mama alikuwa ameshika mgongo wa binti yake."

Mama Kioo alivuta kiti akakaa.

"Basi ni mtu mwingine hapa karakanani," alisema Ratiba. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Sawa. Mama, nisamehe. Tutachunguza. Lakini lori..."

"Huu mwezi ni nini?" Sindano aligusa skrini. "Chuma hakikufika hapa. Kwa nini pamebaki pasafi?"

Mkemia aliinama mpaka pua yake ikakaribia skrini. Alikaa hivyo muda mrefu. Aliponyanyuka alikuwa anazungumza polepole, kama mtu anayepita juu ya ubao mwembamba.

"Hapa chini mvuke unasukumwa na hewa. Ukikaanga kitunguu jikoni, mpaka chumbani wananusa. Kule hakuna hewa. Kitu kikitoa mvuke, kila chembe inakwenda moja kwa moja mpaka igonge kitu. Haikati kona. Ikigonga kioo ingeweza kupumzika kidogo ikaondoka zake, lakini jua la kule, ile mionzi yake mikali isiyoonekana, inaipikia pale pale. Kisha oksijeni inaigonga na kuigeuza ngumu. Huwezi kuifuta. Inakuwa kioo juu ya kioo." Alinyoosha kidole kwenye mwezi mchanga. "Hapa mvuke haukufika kwa sababu kibanio kilisimama njiani."

"Yaani ni kivuli," alisema Mama Kioo.

"Ni kivuli, mama. Si cha jua. Ni kivuli cha huo mvuke wenyewe."

Sindano alijifuta viganja kwenye sketi. Alikuwa amewahi kusimama kwenye vyumba vyenye tundu la risasi ukutani, akafunga uzi kutoka tundu mpaka dirishani ili aone mpigaji alisimama wapi. Ile ilikuwa ni hatua kumi na mbili. Hii ilikuwa imetokea kilomita mia nne juu ya vichwa vyao, na uzi ulikuwa umerudi ndani ya kitu kidogo kama kifungo.

"Kikiwa ni kivuli," alisema, "basi mahali mvuke ulipotoka panaweza kupatikana kwa mwanga, maana nao haukati kona. Nataka tochi. Na nataka Jicho la Pili."

"Jicho la Pili limeshasafishwa!" Ratiba aliruka. "Saa nane linaondoka!"

"Hayo majicho mawili yanafanana?"

"Kila skrubu."

"Basi twende tukalitazame likiwa bado hapa chini."

*

Waliingia chumba safi wakiwa wamevaa nguo nyeupe mpaka kwenye nyusi, wanafanana kama magunia ya unga. Jicho la Pili lilisimama katikati, mdomo wazi, na kreti yake kando imeshatandikwa sponji. Nje ya dirisha la kioo lori lilikuwa limeshafika. Saa saba na dakika ishirini.

"Huyo mchafu haingii mle," alisema Mama Kioo, akimaanisha Shahidi B. Alisimama mbele ya darubini kama mama mkwe mlangoni. "Tumtumie pacha wake. Nimemvalisha kibanio cha namna ile ile. Na tochi ivishwe mfuko."

Tochi ilikuwa ya Sindano, ilitoka kwenye mkoba wake ambao ulikuwa pia na plasta, uzi, pini na nusu pakiti ya biskuti. Mkemia aliivisha mfuko mpya, akafunga kwa utepe. Mama Kioo aliweka Shahidi A mahali pake kando ya kioo kikubwa, akashika kioo kidogo cha mpini kama cha daktari wa meno ili aone kivuli kinaangukia wapi. Mkononi mwingine alishika picha ya ule mwezi.

"Zima taa," alisema Sindano.

Giza likaingia. Sindano aliingiza mkono wenye tochi ndani ya mdomo wa darubini. Kioo kikubwa kiliupokea ule mwanga mdogo kikautandaza, na kwa sekunde moja chumba kizima kikajaa nuru, dari, kuta, nyuso zao, kana kwamba mtu amefungua mlango wa nje saa sita mchana.

"Jamani," alisema Mkemia kwa sauti ya chini.

"Miaka yote hii," alisema Mama Kioo, "bado kinanishtua. Haya. Sogeza kulia."

Akasogeza.

"Mwezi umenenepa. Rudi. Juu. Umekonda sasa. Juu zaidi... Chini kidogo tu, mwanangu, kama unatia chumvi."

Mkono wa Sindano ulipanda polepole ukutani mwa bomba la darubini, upande wa ndani, karibu na kifuniko.

"Hapo!" alisema Mama Kioo. "Usitikisike. Ndio huo, pembe kwa pembe. Hapo ulipo, hapo hapo."

Sindano alisimama kama alivyoambiwa. Vidole vyake vilikuwa vimegusa kitu. Aliteremsha barakoa kidogo, akanusa.

"Siki," alisema.

Taa ziliwashwa. Mama Kioo aliingiza kioo cha mpini na wote wakatazama. Ukutani mwa bomba, mahali ambapo mtu hapaoni mpaka aingize kichwa, palibandikwa kibati chembamba kisichozidi kiberiti. Kilichongwa herufi ndogondogo, mistari ishirini na mitatu.

"Hiki hakimo kwenye michoro," alisema Mkemia.

"Hapana," alisema Ratiba. Alikuwa ameegemea ukuta. "Hakimo."

"Ni nini?" aliuliza Sindano.

"Majina yetu. Watu wote waliolitengeneza. Kwenye Jicho la Kwanza kipo kama hiki. Ilikuwa siri yangu. Nilitaka siku moja, tukishazeeka, niwaambie kwamba mlifika juu. Wote. Hata mfagiaji."

"Ulikibandika kwa gundi gani?"

"Ile ya kabati la usafi. Ya kuzibia sinki."

Mkemia alifunga macho. "Silikoni, ile inayonuka siki ikikauka. Mzee, kila kitu kinachopanda kinalala siku mbili ndani ya tanuri lisilo na hewa, kitoe mvuke wake wote. Hiki kililala?"

"Kinachoingia tanuri ni kilichomo kwenye mchoro," alisema Ratiba. "Majina hayamo kwenye mchoro. Sikuyahesabu kuwa ni kifaa. Yalikuwa majina tu."

"Na hiki cha pili umekibandika juzi," alisema Sindano. "Watu wakanusa siki, ukaandika chakula."

"Ili siri isitoke."

"Umemsimamisha mtu hapa kwa sababu aliandika ukweli kwenye daftari. Daftari hilo hilo wewe umeandika uongo."

Mama Kioo bado alikuwa anasoma kwenye kioo cha mpini, midomo ikicheza.

"La kwanza ni langu," alisema.

"Wewe ndiye uliyenifundisha kazi, mama. Lingeanza la nani?"

Nje, dereva alipiga honi. Mara mbili, fupi fupi.

"Likikosa ndege ya leo," alisema Ratiba, "tunasubiri miezi mitano mpaka safari nyingine. Miezi mitano huku chini watu hawana macho. Tunaweza kukibandua sasa hivi na kufuta. Dakika kumi."

Sindano alimgeukia Mkemia. "Inawezekana?"

"Kufuta inawezekana. Ila kilichoshatoka kwa siku mbili kimeshaingia kila pembe, na jua bado halijakigusa. Likikigusa tu, limekipika. Kioo kivuliwe, kipimwe, bomba lilale tanuri upya. Wiki sita, saba."

"Na likiondoka hivi hivi?"

"Miezi minane linaona. Kisha unajua."

Sindano alitoka. Kupitia dirishani walimwona akivua kofia nyeupe, akifungua mkoba juu ya kreti ya akiba, akitoa muhuri na wino mwekundu. Alirudi na karatasi tatu. Ya kwanza aliigonga muhuri palepale juu ya mfuniko wa kreti: KIFAA KISISAFIRISHWE. Ya pili ilikuwa ripoti, na aliiandika amesimama, mistari minne, wa mwisho ukisema kwamba mashahidi wote wawili wamesikilizwa na wanakubaliana. Ya tatu ilikuwa ile barua. Aliikunja mara mbili akampa Ratiba.

"Uliichapa wewe. Ichane wewe."

Ratiba aliichana vipande vinne. Kisha akainua simu ya ukutani akawaambia watu wa getini lori liondoke. Tupu. Ndiyo, tupu, alirudia, kwa sababu upande wa pili hawakuamini ni yeye anayesema.

"Nipeni kijiti," alisema Mama Kioo.

Alivaa glavu mpya juu ya zile alizokuwa nazo. Aliingiza kijiti cha plastiki chini ya ukingo wa kibati, akakipitisha taratibu kutoka kushoto kwenda kulia bila kukitikisa, na kibati kikaachia. Nyuma yake gundi ilikuwa bado laini, na harufu ya siki ikajaa chumba. Alikisafisha kwa spiriti, mbele, nyuma, na katikati ya kila herufi. Vidole vilimwasha, alikunja uso lakini hakusimama.

Kisha akaenda kwenye droo ya nne, akamlaza Shahidi A mahali pake, na kando yake akaweka majina.